Nani Anakula Makapi?

Najua nimepotea kidogo. Kazi ya kuandika programu ina majira yake kama kilimo, na kuna wiki ambazo mtu hapati hata nafasi ya kunywa chai ikiwa moto. Leo nimerudi, na sitazungumzia simu mpya wala lugha za kompyuta. Nataka tuzungumzie miwa. Usicheke. Ukifika mwisho utaona kwamba haya ni mambo ya teknolojia tupu.

Yalianza hivi. Nilipokwenda nyumbani mwezi wa Disemba, baba yangu mdogo aliniita chini ya mwembe akaniwekea mbele yangu mfuko wa karatasi uliojaa risiti. Yeye amelima miwa tangu kabla sijazaliwa. "Kijana wangu," akasema, "si wewe unafanya kazi ya kompyuta? Hebu nitengenezee kitu cha kunionyesha kama hii miwa inanilipa, au ni mimi ninayeilipa."

Nikamwambia, "Hilo si neno, Baba Mdogo. Nipe siku mbili."

Siku mbili zikawa nne. Risiti nyingine zilikuwa zimeloa mvua, nyingine zimeandikwa kwa mwandiko wa daktari. Lakini hatimaye nikapata jedwali langu: tarehe ya kuvuna, uzito kwenye mizani ya kiwanda, bei ya tani, kisha makato. Makato ya mbolea, ya mbegu, ya kulima kwa trekta, ya kukata, ya kusafirisha. Zao lenyewe lilikaa shambani mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na malipo yakachelewa miezi kadhaa baada ya hapo. Nilipofika safu ya mwisho, ile ya faida, nilinyamaza kidogo kabla ya kumwonyesha. Naye hakuuliza mara mbili. Alisoma usoni mwangu.

Sasa, sisi watunga programu tuna tabia moja. Hatupendi kisanduku tusichojua ndani yake mna nini. Ukituonyesha kitu kinaingia upande huu na kitu kinatoka upande ule, lazima tuulize: je, vyote vilivyoingia vimetoka? Usiku ule nilichora mchoro wa kiwanda cha sukari kama ninavyochora mfumo wowote. Inaingia tani moja ya miwa. Inatoka nini? Risiti ya Baba Mdogo ilikuwa imehesabu uzito ukazidishwa kwa bei, na bei hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikifuata bei ya sukari. Kwa hiyo risiti inajua tokeo moja tu: sukari. Nikaanza kusoma, na hivi ndivyo tani moja inavyogawanyika kwa makadirio ya kawaida ya viwanda vya miwa:

- Sukari, kilo 100 hivi kiwanda kikiwa kizuri na miwa ikiwa imekomaa.
- Molasi, ile asali nyeusi inayobaki, kilo 40 hivi.
- Tope linalobaki juisi ikichujwa, kilo 30 au zaidi kidogo.
- Makapi, ambayo watu wa kiwandani huyaita bagasi, kilo 300 hivi.
- Yaliyobaki ni maji.

Soma tena mstari wa makapi. Kilo 300 kwa kila kilo 100 za sukari. Karibu nusu ya makapi hayo ni maji, lakini hata ukiyakausha unabaki na kilo 150, yaani uzito unaozidi sukari yenyewe. Kama umewahi kupita karibu na kiwanda cha sukari, umeuona mlima huo wa rangi ya mchanga, unatoa mvuke asubuhi, na wakati mwingine unashika moto wenyewe. Tulipokuwa watoto tuliuona kama takataka. Leo nataka kukuambia kwamba ule mlima ndio habari yenyewe.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu mmea ni kitu gani. Mimi si mwanakemia, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelewa mwenyewe. Fikiria nyumba ya udongo ya kijijini. Kuna nguzo zinazosimamisha nyumba. Kuna fito zilizofungwa kwa kamba, zinazoshikanisha nguzo. Halafu kuna udongo uliokandikwa, unaojaza nafasi zote na kuzuia mvua. Ukuta wa mmea umejengwa vivyo hivyo. Nguzo ni selulosi. Fito na kamba ni hemiselulosi. Udongo ni lignini. Katika makapi makavu ya miwa, selulosi ni zaidi kidogo ya sehemu 40 kwa 100, hemiselulosi ni sehemu 25 hadi 30, na lignini ni sehemu 20 na kitu. Kinachobaki ni majivu na vitu vidogo vidogo.

Na hapa ndipo panaposhangaza. Selulosi ni sukari. Naam, ni molekuli za glukosi zilizoshikana mkono kwa mkono katika mnyororo mrefu, zikakazwa hata tumbo la binadamu haliwezi kuzifungua. Ng'ombe anaweza kwa sababu ana wadudu wadogo tumboni wanaomfanyia kazi hiyo. Hemiselulosi pia ni sukari, ya aina nyingine. Lignini siyo sukari, ni kitu kigumu kinachofanana zaidi na lami, na ndiyo inayofanya kuni ziwake vizuri.

Kiwanda kinachobomoa nyumba hiyo kwa utaratibu, kikaweka nguzo upande wake, fito upande wake na udongo upande wake, kisha kila kimoja kikapewa kazi yake, ndicho wataalamu wanachokiita bayorifaineri. Mimi nakiita kiwanda cha kuchambua mimea. Mfano wake tunaufahamu. Pale Changamwe, Mombasa, tulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu miaka ya 1960 hadi kikaacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta ghafi yaliingia mamoja, yakatoka gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa, dizeli na mafuta mazito. Hakuna mtu mwenye akili aliyeyachoma mafuta ghafi yote chini ya sufuria kwa sababu tu yanawaka. Lakini hivyo ndivyo tunavyofanya na mimea. Tunachukua nguzo, fito na udongo, tunatia vyote motoni, basi.

Usifikiri hizi ni ndoto za karne hii. Mwaka 1922 kampuni ya Quaker Oats kule Cedar Rapids, Iowa, ilikuwa na tatizo kama letu: milima ya maganda ya shayiri baada ya kutengeneza uji wake. Wakayapika kwa asidi na mvuke, na hemiselulosi iliyomo ikageuka kuwa majimaji yanayoitwa furfurali. Leo furfurali hutumika kusafishia mafuta ya kulainisha mitambo na kutengenezea gundi ya kalibu za kusubia chuma. Kutoka takataka ya uji! Hapa hapa Afrika, kiwanda cha sukari cha Sezela katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kimetengeneza furfurali kutokana na makapi ya miwa kwa miongo kadhaa. Na sikiliza uzuri wa mpango huo: makapi yakishatoa furfurali, mabaki yake bado yana nguzo na udongo, kwa hiyo yanarudi kwenye boila na kuchomwa kama kawaida. Unakula embe kisha unapanda kokwa.

Kule Sarpsborg, Norwei, kuna kampuni ya Borregaard iliyoanzishwa mwaka 1889 kama kiwanda cha karatasi. Wao hutumia miti ya misonobari. Hesabu yao wenyewe ni kwamba kilo 1,000 za mti mkavu huwapa kilo 400 za selulosi ya kazi maalum, kilo 400 za lignini, kilo 50 za ethanoli, na kilo 3 za vanila. Vanila, ndiyo, ile ya kunukisha keki, iliyotokana na lignini. Hizo kilo 3 zinaonekana si kitu karibu na zile 400, lakini linganisha bei ya kilo ya vanila na bei ya kilo ya kuni uone.

Sasa najua msomaji wangu mmoja tayari anasema, "Kama ni rahisi hivyo, mbona hatuioni kila mahali?" Swali zuri. Si rahisi. Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu tumekwisha danganywa mara nyingi na watu wenye picha nzuri za kompyuta.

Kumbukeni mibono. Katikati ya miaka ya 2000 tuliambiwa kwamba mbono kaburi utaota kwenye ardhi kavu, hauhitaji maji wala mbolea, na kila mkulima atakuwa na kisima cha dizeli shambani. Watu wakapanda. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima wa Kenya ukaonyesha kwamba mavuno yalikuwa haba mno na hayalipi, na ushauri ukawa kwamba mkulima mdogo asiupande ila kama ua wa boma. Mmea haukudanganya mtu. Tuliodanganywa ni sisi tuliokubali kwamba kuna mmea unaozaa bila kula.

Halafu kuna ethanoli ya selulosi. Wazo ni kuzifungua zile nguzo kwa vimeng'enya, kupata glukosi, kisha kuichachusha kwa hamira kama pombe. Katika maabara inafanya kazi vizuri. Abengoa wakafungua kiwanda kikubwa Hugoton, Kansas, mwaka 2014, na kufikia mwisho wa 2015 kilikuwa kimesimama. DuPont wakafungua chao Nevada, Iowa, mwaka 2015. Mwaka 2017 wakatangaza kukiuza. Clariant wakajenga Podari, Romania, kikaanza kuzalisha mwaka 2022, na mwisho wa 2023 wakatangaza kukifunga. Hizi si kampuni za watu wasiojua kemia. Mabua na majani yanachukua nafasi kubwa mno kwenye lori kwa uzito mdogo. Yanakuja na udongo na mawe yanayotafuna mitambo. Vimeng'enya vina gharama. Na mwisho wa yote unauza petroli mbadala, kitu ambacho bei yake inapangwa na wenye visima vya mafuta. Umetumia ufundi mwingi kutengeneza bidhaa ya bei rahisi.

Na kuna somo la nyumbani. Mumias. Wengi wanaikumbuka kwa sukari na kwa hasara, lakini je, mnakumbuka kwamba Mumias ilikuwa karibu sana kuwa kiwanda cha kuchambua mimea? Mwaka 2009 ilifungua mtambo wa umeme wa megawati 35 unaochoma makapi, na megawati 26 kati ya hizo zilikuwa za kuuzwa kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2012 ikafungua kiwanda cha ethanoli ya molasi chenye uwezo wa lita milioni 22 kwa mwaka. Sukari, umeme, ethanoli, vyote chini ya paa moja. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri ajabu. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Kemia haikushindwa hata siku moja pale. Kilichokwisha ni fedha, uongozi, na miwa. Mitambo ya mabilioni ilikaa ikisubiri makapi, na makapi hayawezi kuja bila miwa, na miwa haiwezi kuja bila mkulima, na mkulima ambaye hajalipwa hung'oa miwa akapanda mahindi. Huo ndio mnyororo wote. Mhandisi yeyote wa mifumo angekuambia ni kiungo gani kilikatika kwanza.

Kwa hiyo maoni yangu ni yapi? Ni mawili, na nitayasema wazi ili mnipinge vizuri.

La kwanza: tuanze na kile kilichokwisha kukusanywa, na tusianze na mafuta ya gari. Viwanda vya Marekani vilihangaika kuokota mabua mashamba kwa mashamba. Makapi ya miwa hayana shida hiyo. Trekta limekwisha kuyaleta, mitambo imekwisha kuyasaga, yamelundikana pale uani. Hatua ya kwanza ni kuyachoma vizuri zaidi. Viwanda vingi vya zamani vilijengewa boila za shinikizo dogo ambazo kazi yake nyingine ilikuwa kuyamaliza makapi tu yasijae uani. Boila za shinikizo kubwa huweza kutoa umeme wa kutosha kiwanda chenyewe na bado ukabaki uniti 80 na zaidi za kuuza kwa kila tani ya miwa. Hatua ya pili ni molasi kuwa ethanoli, kazi tunayoijua. Muhoroni imekuwa ikiifanya tangu miaka ya 1980, na kuanzia 1983 hadi 1993 magari ya Kenya yalitumia petroli iliyochanganywa na ethanoli yetu wenyewe. Kilo 40 za molasi hutoa karibu lita 10. Hatua ya tatu ndiyo inayoniwasha: kutoa kitu cha bei kubwa kutoka kwenye makapi kabla hayajaingia motoni, kama Sezela walivyofanya. Hata karatasi na sahani za kutupa. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, tulifungua soko la vifungashio ambalo nyuzi za miwa zingeweza kulijaza. Kanuni yangu ni hii: kila kitu kichomwe mwisho, kisichomwe kwanza.

Na tusisahau shamba. Tope la kuchujia na majivu ya boila ni chakula cha udongo, na majani ya miwa yanayobaki shambani yanafunika ardhi. Kiwanda kinachochukua kila kitu bila kurudisha chochote kitafanya kama mibono, kitaahidi zao lisilokula. Vilevile kila lita ya ethanoli huacha nyuma lita 10 au zaidi za maji machafu ya kahawia. Yakitiwa mtoni yanaua samaki. Yakitiwa kwenye tangi lisilo na hewa yanatoa gesi ya kuwasha boila. Maji ni yale yale, ila katika mpango mmoja ni sumu na katika mwingine ni kuni.

La pili, na hili ndilo lililonitoa usingizi: makapi ni ya nani?

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 30. Sipingi ukodishaji wenyewe. Viwanda vilikuwa vimezama kwenye madeni na wakulima walikuwa wamechoka. Lakini miaka 30 ni mingi. Mtoto atakayezaliwa leo Awendo ataoa au kuolewa kabla mkataba haujaisha. Katika miaka hiyo 30 teknolojia ya kuchambua mimea itabadilika kuliko tunavyoweza kukisia. Huenda sukari yenyewe ikawa ndiyo bidhaa ya pembeni, na umeme, nyuzi, ethanoli na kemikali ndizo zenye fedha. Ikiwa risiti ya Baba Mdogo bado itakuwa inajua sukari tu, basi kila uvumbuzi utaongeza fedha upande mmoja wa mizani peke yake.

Mwenye kiwanda atanijibu, na jibu lake lina uzito. Atasema: "Mkulima ameniuzia miwa, si makapi. Muuza maziwa haji kudai sehemu ya siagi. Boila nimenunua mimi, mkopo nimechukua mimi, hatari ni yangu." Nakubali nusu. Anayeweka mtaji lazima apate faida, la sivyo hakuna boila itakayonunuliwa. Lakini muuza maziwa ana mlango mwingine wa kupeleka maziwa yake jioni hiyo hiyo. Miwa ikishakatwa huanza kupoteza sukari baada ya saa chache, ni mizito, na kiwanda kilicho karibu mara nyingi ni kimoja. Pale ambapo mnunuzi ni mmoja, bei haitoki sokoni, inatoka kwenye kanuni. Na kama bei inatoka kwenye kanuni, basi ni haki kuuliza kanuni hiyo imehesabu nini.

Wala si jambo la ajabu. Morisi, kisiwa kidogo kinachoishi na miwa kwa karne nyingi, huzalisha sehemu ya umeme wake kwa makapi, na wana mfuko maalum wa kumlipa mkulima fedha zinazotokana na makapi hayo. Wamegombana kuhusu kiwango chake mara nyingi, na bado wanagombana. Lakini wanagombana kuhusu kiasi. Sisi hata hatujafika kwenye ugomvi huo.

Kuna upande mwingine unaofanana na huu. Makueni tangu 2022 kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za nyonyo, kroton na pamba, cha kampuni ya Eni ya Italia. Mafuta yanakamuliwa pale, yanapelekwa Mombasa, yanapakiwa melini hadi Gela, Sisilia, ambako kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta kimegeuzwa kuwa bayorifaineri. Wakulima wa Makueni wamepata soko, na hilo ni jema. Lakini angalia ramani: kukamua kunabaki kwetu, kuchambua kunakwenda kwao. Tumeuona mchoro huu kwenye kahawa na kwenye chai. Sitaki kuuona tena kwenye majani na makapi.

Basi nini kifanyike? Mimi si mwanasiasa, nitapendekeza kile ninachokijua. Sheria ya Sukari ya 2024 ilirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya. Bodi hiyo iweke hadharani, kila mwezi, kwa kila kiwanda: tani za miwa zilizoingia, sukari iliyotoka, molasi iliyouzwa na kwa bei gani, ethanoli, umeme uliouzwa kwenye gridi, na makapi yalikokwenda. Namba tu, katika faili ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua. Sisi wa programu huria tunajua nguvu ya kitu kinachoonekana. Msimbo ukifichwa, kosa linaweza kuishi ndani yake miaka 20. Ukiwekwa wazi, kijana fulani Kisumu atalikuta kosa usiku mmoja. Kanuni ya bei ya miwa ni msimbo. Iwekwe wazi pamoja na data zake. Halafu wakulima na wenye viwanda wakae mezani wabishane kuhusu sehemu ya kila mmoja, wote wakiwa na karatasi moja mbele yao.

Najua namba peke yake hazimlipi mtu. Mwaka 2023 viwanda vilisimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha, na hakuna faili lingeiota. Lakini mkulima anayejua kwamba makapi yake yanawasha taa, na kwamba sehemu fulani ya bili hiyo itamrudia, ana sababu ya kutong'oa miwa. Kwa hiyo hata mwenye kiwanda asinisikilize kwa huruma. Anisikilize kwa ajili ya boila yake, ambayo bila makapi ni chuma kilichosimama.

Nilipomwonyesha Baba Mdogo jedwali, nilikuwa nimeongeza safu tatu mwishoni: molasi, makapi, umeme. Zote zilikuwa na sifuri. Akaniuliza kwa nini nimeweka safu zisizo na kitu. Nikamwambia ni desturi yetu, mtu akitengeneza mfumo huacha nafasi ya vitu vinavyotarajiwa kuja. Akazitazama kwa muda, akavua miwani.

"Sawa," akasema. "Usizifute."

Sijazifuta. Na wewe msomaji, hasa kama unatoka ukanda wa miwa au umewahi kufanya kazi kiwandani, nimekosea wapi? Niambie. Nikiwa nimekosea hesabu nitasahihisha hapa hapa na kutaja aliyenisahihisha. Mpaka siku nyingine, kwaherini.